Mtaa Uliokataa Kumaliza Uchaguzi

Katika mji wetu hakuna mtu hata mmoja asiye na nyumba. Nalisema hili kifua mbele, na asiyeamini aje na hesabu zake. Halmashauri ya mji wetu ilitangaza ushindi huo mwaka juzi kwenye sherehe ya siku tatu, ikapewa na kombe. Kombe lenyewe lipo kabatini kwa Mkurugenzi, limefunikwa kitambaa lisishike vumbi.

Njia waliyotumia ni nyepesi mpaka unajiuliza mataifa makubwa yalikuwa wapi. Asiye na nyumba hana anwani. Asiye na anwani haandikwi kwenye daftari la wakazi. Na asiyeandikwa, jamani, utamhesabu vipi? Basi wakahesabiwa waliobaki, ikaonekana wote wana nyumba. Asilimia mia. Makofi!

Hata wale wanaolala chini ya mabenchi ya stendi walipiga makofi siku hiyo, kwa sababu sherehe ilifanyikia palepale wanapolala, na pilau lilikuwepo.

*

Mimi nakaa Tusogee, kwa shangazi yangu Bi Mwajabu, mkaanga vitumbua. Tusogee ni kata ya mtaa mmoja: nyumba mia mbili na sita, bomba moja linalokohoa, na wapiga kura mia nane ishirini na nne. Diwani wetu, Mheshimiwa Kwembe, anatupenda sana. Anatupenda kutokea kata ya tatu kutoka hapa, kwenye kilima, anakokaa yeye.

Mwaka huo Halmashauri ilileta Mpango Kabambe wa Mji. Mtaalamu aliyeuchora alichorea hotelini, ghorofa ya saba, kwa maelezo kwamba huku chini kelele za watu zilimharibia mistari. Kazi ilikuwa safi. Barabara zimenyooka, miti imepangwa kama wanafunzi mstarini, na pale ilipo Tusogee pamepakwa rangi ya kijani kibichi na kuandikwa: BUSTANI YA KUPUMZIKIA WANANCHI.

Afisa Mipango Miji, Bwana Mgaza, alikuja kutusomea. Alibeba ramani imeviringishwa ndefu kuliko yeye.

"Kwa mujibu wa Mpango," akasema, "hapa ni eneo la wazi. Hapakai mtu."

"Na sisi?" akauliza shangazi.

"Nyinyi hampo."

"Sasa hii sauti unayojibizana nayo ni ya nani?"

Bwana Mgaza aliangalia ramani tena, akaangalia na nyuma yake. "Hiyo ni changamoto," akasema. "Changamoto zitaondolewa."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kabisa, na mimi sioni kwa nini watu walinuna. Wananchi waondolewe ili wananchi wapate mahali pa kupumzika. Wakapita vijana wa Halmashauri na ndoo ya rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye kila nyumba. Shangazi alimsimamia yule aliyechora ya kwetu.

"Mwanangu, mkono wako unatetemeka. Hukunywa chai?"

"Bado, mama."

Akampa vitumbua viwili. Kijana akala, akafuta mikono kwenye suruali, akachora X nzuri, imenyooka, ya mtu aliyeshiba. Shangazi aliingia ndani, akakaa kwenye kile kitanda alichonunua na marehemu mumewe, na hakutoka mpaka adhuhuri. Nyumba hiyo waliijenga wawili, chumba kimoja kwa miaka minne, cha pili kwa saba. Tofali za msingi alizifyatua mwenyewe, akiwa na mimba. Lakini hayo hayakuwemo kwenye Mpango, na mimi sipendi kutoka nje ya mada.

*

Kubomoa kulipangwa Jumanne. Bahati mbaya kwa Halmashauri, au nzuri kwetu, Jumamosi iliyotangulia kipindi cha kampeni za udiwani kilifunguliwa, na ajenda kubwa mwaka huo ilikuwa nyumba.

Mheshimiwa Kwembe, aliyekuwa akigombea tena, alipanda jukwaani akiwa amezipa nyumba zetu mgongo.

"Ndugu zangu wa Tusogee! Mimi silali! Na nikilala, naota nyumba zenu! Mkinirudisha, kila mtu hapa atakaa ghorofani. Hata muuza mkaa atakaa ghorofani!"

"Na mkaa wake je?" sauti ikauliza.

"Mkaa utakuwa na lifti yake!"

Alasiri akaja mpinzani wake, Ndugu Pwele, mtu mrefu mwenye miwani anayoivua kila akitaka kukasirika. Akaivua.

"Ghorofa ni njama! Ghorofa ni kumtenga mwananchi na ardhi yake! Mimi nitawajengea nyumba za chini, pana, na kila nyumba ina bwawa la kuogelea!"

"Maji yatatoka wapi, Ndugu Pwele?"

Akavaa miwani. "Hilo ni la awamu ya pili."

Habari ya X hakuna aliyeigusa. Ila meneja wa kampeni wa Kwembe, alipotazama picha za mkutano, aliona bosi wake anatabasamu na nyuma ya kichwa chake kuna X kubwa nyekundu. "Hii ikitoka gazetini," akasema, "watu watadhani ndiye aliyefutwa." Kesho yake, Jumapili, vijana wake wakapita na gundi na mabango, wakabandika sura ya Mheshimiwa juu ya kila X. Mtaa mzima ukatabasamu.

*

Jumanne tingatinga likaja. Lilianzia kwetu kwa kuwa ndiyo nyumba ya kwanza ukitokea lami. Shangazi alikuwa barazani, kikaango kiko motoni, na hakuinuka.

Bwana Mgaza akafungua orodha. "Nyumba namba moja. X iko wapi?"

"Ipo nyuma ya Mheshimiwa," akasema shangazi.

"Ondoeni hilo bango."

Hapo ndipo alipokohoa Mzee Lugome. Huyu ni jirani yetu, tarishi mstaafu wa Halmashauri. Miaka thelathini na moja alibeba mafaili kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kwa kuwa ofisi zilikuwa mbalimbali na wakubwa walikuwa hawaharakishi, aliyasoma yote njiani.

"Bwana Mgaza," akasema, "kuna kanuni ya uchaguzi. Mtu akichana, akibandua au akiharibu bango la mgombea kabla uchaguzi haujakwisha, miezi sita ndani. Nilikupelekea mwenyewe mezani kwako. Ulilitumia faili lake kuwekea kikombe."

Dereva wa tingatinga akazima injini. "Bosi, mimi nina watoto."

"Bomoa ukuta, bango uliache!" akafoka Mgaza.

"Niliache wapi, bosi?"

Wakasimama. Walitazama ukuta, wakatazama bango, wakainamisha vichwa upande mmoja kama watu wanaonunua kabati. Mwisho Bwana Mgaza akaandika kwenye orodha: *Nyumba namba moja: ina Mheshimiwa.* Dereva alikula vitumbua vitatu na kuondoka taratibu, akipunga mkono.

Siku iliyofuata, mtaa wote ulikuwa na njaa ya mabango. Nyumba zilizobandikwa moja zilitaka manne. Watu waliwakimbilia vijana wa Kwembe barabarani: "Jamani na huku jikoni! Na choo hamjakiona!" Kina Pwele wakaona wivu, nao wakabandika. Kuna siku nilihesabu nyumbani kwetu Kwembe ishirini na mmoja na Pwele kumi na tisa, na kuku alitagia kwenye boksi la mabango ya akiba. Wagombea wote wawili waliliambia gazeti kwamba hawajawahi kuona mapenzi ya namna ile, na kwa kweli hata sisi tulikuwa hatujawahi.

*

Tatizo la uchaguzi ni moja: huwa unakwisha. Na kanuni ileile inasema ukishakwisha, mabango yabanduliwe ndani ya siku saba.

Tulikaa barazani kwa shangazi kulijadili hilo. Kila mtu alikuwa na shauri, na kila shauri lilikuwa bovu, mpaka Mzee Lugome alipomaliza kutafuna.

"Kura zikilingana," akasema, "hakuna mshindi. Uchaguzi unarudiwa baada ya siku tisini. Na kwa siku zote hizo kampeni ipo."



"Zikilingana tena?" shangazi akauliza.

"Tisini zingine. Sijaona kanuni inayosema basi."

"Mzee Lugome," shangazi akasema polepole, "tuko wapiga kura wangapi?"

"Mia nane ishirini na nne."

"Gawa kwa mbili."

"Mia nne na kumi na mbili. Kamili."

Ndivyo ilivyoundwa Kamati ya Sare. Mimi nikawa Katibu, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na hesabu nilipata C, ambayo kwa Tusogee ni kama udaktari. Nilipita nyumba kwa nyumba na daftari. Huyu Kwembe, huyu Pwele. Mume Kwembe, mke Pwele. Pacha wa kwa fundi cherehani waligombana, wote walimtaka Pwele kwa ajili ya bwawa, nikawaamulia kwa karata. Nyumbani kwetu shangazi alichukua Kwembe, mimi nikachukua Pwele.

"Na mtu asiugue siku hiyo," nikawa nawaambia. "Asisafiri. Asipate msiba. Kura moja tu ikipotea, ndugu zangu, tumekwisha!"

Nakiri nilianza kuipenda sauti yangu.

Mara ya kwanza: 412 kwa 412. Msimamizi wa Uchaguzi, mtu mpole aliyekuwa akijifuta jasho muda wote, alihesabu mara tano. Mara ya pili, baada ya siku tisini: 412 kwa 412. Mkurugenzi alituma barua ya kusikitika. Wagombea walikonda. Ghorofa za Kwembe zilikuwa zimefika kumi na mbili, mabwawa ya Pwele yameongezewa mawimbi. Kufikia kampeni ya tatu walikuwa wamechoka kiasi cha kuazimana jukwaa. Mmoja akishuka mwenzake anapanda, na spika ni zilezile. Tingatinga liliegeshwa pembeni ya lami siku zote hizo, mpaka watoto wakalianikia jezi zao za mpira.

Shangazi alipiga lipu ukuta wa ndani. "Siku tisini ni nyingi," akasema. "Nyumba isiyopigwa lipu haipendezi."

*

Siku ya kura ya tatu alikuja mwandishi wa gazeti kutoka mji mkuu, mwenye kamera na kalamu mbili. Alitaka kumwona Katibu wa Kamati. Nikavaa shati la kuazima.

Tulikaa kwenye kivuli cha tingatinga. Akaniuliza siri ya Tusogee ni nini. Nikamwambia siri ni nidhamu. Akauliza nidhamu gani. Nikamweleza. Nilieleza maana ya kura moja, uzito wa kura moja, historia ya kura moja tangu enzi za mababu. Nilieleza jinsi raia anavyotakiwa kuamka mapema, kwenda kituoni bila kuhimizwa, na jinsi mtu asiyepiga kura asivyo tofauti na gogo. Alikuwa anaandika tu, na kila akiandika mimi naongeza.

Jioni Msimamizi akasoma matokeo akiwa amesimama juu ya kiti.

"Kwembe, mia nne na kumi na mbili. Pwele, mia nne na kumi na moja."

 Mheshimiwa Kwembe peke yake ndiye aliyeruka. Alipewa kipaza sauti, akashukuru kwa "ushindi huu wa kishindo," akaahidi kwamba kazi ya bustani itaanza mara tu siku saba zikipita. Pwele alivua miwani, lakini nadhani alikuwa anafuta macho tu. Alionekana kama mtu anayekwenda kulala.

Asubuhi yake dereva alikuja kulitia tingatinga mafuta. Hakututazama. Shangazi alikuwa anatoa vyombo, anavipanga uani: sufuria, vikaango, ile redio isiyosema. Kitanda kilishindikana kupita mlangoni, kwa sababu mlango ulijengwa baada ya kitanda.

Watu walijaa uani, na mimi kama Katibu nikasimama kukemea.

"Kuna msaliti!" nikasema. "Kuna mtu katuuza! Mimi sitaji jina, ila wapo humu wenye umri mkubwa na macho mabovu, wanaoweza kutia alama pasipotakiwa."

Watu wakamgeukia Mzee Lugome. Mzee hakushtuka. Alikuwa na kitumbua mkononi.

"Ningekosea kutia alama, mjukuu wangu," akasema, "Kwembe angepata mia nne na kumi na tatu. Kapata mia nne na kumi na mbili. Iliyoharibika hakuna. Jumlisha wewe mwenye C."

Nikajumlisha. Zikaja mia nane ishirini na tatu.

"Kuna mtu hakupiga kabisa," akasema Lugome. "Na ningependa kumwona, nimshukuru. Maana kanuni inasema, mpiga kura aliyezuiwa kufika kituoni akijaza Fomu Namba Tisa na kuleta shahidi, matokeo yanafutwa. Siku tisini zingine."

Mara moja moyo wangu ukawa mweupe. Nani angependa kuitwa msaliti wakati angeweza kuitwa mkombozi? Nikashusha sauti, nikaweka mkono kifuani.

"Wazee wangu, nilitaka kuvumilia peke yangu. Ni mimi. Nilizuiwa."

"Chande!" shangazi akasema. "Na nani?"

"Watu wanne, shangazi. Sura zao sizijui. Wenye marungu."

Wanawake wakapiga mayowe. Mmoja alinifunga kanga begani bila kuniuliza kama bega linauma. Likaanza kuuma.

*

Tukaenda ofisini kwa Msimamizi, palepale kando ya lami, mtaa mzima nyuma yangu. Yeye alikuwa amekwisha kufunga makaratasi kwa kamba, tayari kwenda nyumbani kwake kwa mara ya kwanza katika miezi sita. Alipotuona akakaa chini.

"Kidole," akasema.

Nikatoa kidole. Kilikuwa kisafi, hakikuwa na tone la wino. Nikamsimulia. Niliposimulia uani walikuwa wanne. Pale mezani walifika saba, na mmoja wao alikuwa na kovu. Msimamizi alichukua Fomu Namba Tisa, akapuliza vumbi.

"Jina la mzuiwaji: Chande. Sawa. Jina la mzuiaji: hawajulikani. Hapana, hapa haliandikwi 'hawajulikani.' Shahidi yuko wapi?"

Mzee Lugome akasogea mbele. Nilipumua. Nilijua macho ya mzee yule hayafiki ng'ambo ya barabara. Chochote nilichosema angekubali tu, kwa ajili ya nyumba.

"Mzee, ulimwona kijana huyu siku ya kura?"

"Nilimwona. Nilitoka kupiga saa nne, alikuwa kwenye kivuli cha tingatinga. Nikapita tena saa saba kutafuta chumvi, yupo. Saa tisa na nusu nikamfuata kabisa, nikamvuta mkono wa shati, nikamwambia Chande, kituo kinafungwa saa kumi."

Nikaanza kukohoa. Lugome akangoja nimalize.

"Akasema nini?" Msimamizi akauliza.

"Akasema, 'Babu usinikatize, nimefika kwenye umuhimu wa kura moja.'"

Ofisi nzima ikaniangalia. Yule aliyenifunga kanga akaja akaifungua, akaikung'uta, akajitupia mwenyewe.

"Kwa hiyo hao watu saba..." akaanza Msimamizi.

"Hakukuwa na watu, bwana. Palikuwa na mwandishi mmoja, naye saa saba alishafunga kalamu, anatafuta njia ya kuondoka."

Msimamizi akaiegemeza kalamu kwenye fomu. "Basi aliyemzuia ni nani? Niandike nini hapa?"

"Andika mdomo wake."

Sikupata pa kutazama. Nikamtazama shangazi, na hilo lilikuwa kosa lingine. Msimamizi alifungua kitabu cha kanuni, akakisoma mbele, akakisoma nyuma, midomo yake ikicheza. Nje dereva aliwasha tingatinga kulipasha moto, na vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Kanuni haisemi mzuiaji lazima awe mtu mwingine," akasema mwishowe. Alikuwa kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. "Inasema tu azuiwe. Limebaki jambo moja. Ndugu wa karibu athibitishe kwamba mlalamikaji ni mtu mzima, mwenye akili timamu. Akithibitisha, matokeo nayafuta leo. Na sababu itatangazwa mtaani kwa kipaza sauti, asubuhi na jioni, siku tisini, pamoja na jina."

Shangazi akasogea mezani. Alinitazama kuanzia kandambili mpaka shati la kuazima.

"Bwana Msimamizi," akasema, "utu uzima nathibitisha, nimemlea mwenyewe. Hilo la akili, tafadhali, usinitie dhambini."

Msimamizi akasikiliza tingatinga kidogo. Kisha akaipiga muhuri Fomu Namba Tisa.